Ulimi wa Sayyid na Damu ya Sheikh Uways

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu wasomaji, mtu ambaye Waingereza walimwita Mulla mwendawazimu, na Wasomali wakamwita Sayyid tu bila ya kuongeza neno, alikuwa mshairi kabla ya kuwa amiri wa vita, na mashairi yake yangali yanasomwa hata leo ilhali ngome zake zimebaki mawe. Jina lake ni Muhammad Abdille Hassan. Mimi nimepindukia miaka sitini nikiwa sikutaka kuyasikia mashairi hayo, na sababu yake hapana budi niitaje mwanzo, ili anayesoma ajue ananisoma nani.

Mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa twarika ya Qadiriyya, na silsila yake ilipita kwa Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, ambaye wazee wa Mrima wakimwita Shehe Awesu. Ndiye aliyekuja Unguja zama za Sayyid Barghash, na kwa mikono yake na ya makhalifa wake dhikri ya Qadiriyya ikaenea Unguja, Bagamoyo na bara yote ya Tanganyika mpaka Ujiji. Sasa Sheikh huyu aliuawa tarehe 14 Aprili 1909, katika Mfunguo Sita wa mwaka 1327, mwezi wa Maulidi, pale Biyoole katika bara ya Somalia, na waliomuua walikuwa Waislamu, Madarwishi wa Sayyid Muhammad. Sisi watoto wa chuoni tulisimuliwa kisa hicho kila mwaka, na kila kilipofika mwisho tulimlaani aliyewatuma. Nakiri kwamba tulimlaani kwa raha, kama watoto wanavyofurahi kupewa ruhusa ya kutukana.

Basi leo nakaa Holili, mpakani, chini ya mlima Kilimanjaro, na Taveta tunaiona kwa macho. Magari ya mizigo yanasimama hapa kungoja karatasi za forodha, mengine siku nzima, na madereva Wasomali wa Garissa na wa Nairobi wanaingia msikitini kusali, kisha wanajinyoosha barazani. Mmoja wao, mtu wa makamo, mwenye Kiswahili kizuri cha Mombasa, alikuwa akisikiliza simu yake macho yamefumba, na sauti iliyokuwa ikitoka mle haikuwa ya nyimbo wala ya Kurani. Nikamuuliza, "Mwanangu, hicho ni kitu gani?" Akasema, "Maalim, hiyo ni gabay. Ya Sayyid." Nikataka kuinuka. Kisha nikaona haya, kwa kuwa mtu wa umri wangu hawezi kukimbia shairi. Nikamwambia anifasirie. Tangu siku hiyo kila akipita tumekaa, yeye akifasiri na mimi nikiuliza, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapima katika vikao hivyo na katika yale niliyoyasoma baadaye.

Yafaa kwanza tuzijue zama zake, kwani mshairi akitolewa katika zama zake huwa kama samaki juu ya mchanga. Katika miaka ile ambayo Wadachi walikuwa wakiteka Bagamoyo na Pangani, na Bushiri bin Salim akanyongwa mwaka 1889, na Unguja ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, nchi ya Wasomali nayo ilikuwa ikigawanywa. Waingereza walishika Berbera na pwani yake, Wataliana pwani nyingine, Wafaransa Jibuti, na Mfalme Menelik wa Uhabeshi akaingia Harar mwaka 1887 na kupeleka majeshi yake Ogaden. Sayyid Muhammad alihiji Makka, akachukua twarika ya Salihiyya kwa Sheikh Muhammad Salih, akarejea Berbera katikati ya miaka ya 1890. Akakuta mji umelala. Akakataza kutafuna mirungi, akawagombeza watu juu ya tawasuli na makaburi ya mawalii, akaona wamisionari Wafaransa wanalea mayatima wa Kiislamu katika dini yao. Watu wa mji, wengi wao Qadiriyya, wakamchoka. Akaenda zake bara kwa wajomba zake, na mwaka 1899 akasimama Burao na kutangaza jihadi. Vita vile vilidumu miaka 21.

Katika vita hivyo hatuwezi kukaa pembeni kama watazamaji. Mwaka 1903, pale Gumburu, Madarwishi walikiangamiza kikosi cha Waingereza, na katika waliokufa walikuwamo askari wa K.A.R. waliotolewa Nyasaland, ambako Wayao wengi walikuwa Waislamu kama sisi. Mwislamu wa ziwani alitolewa kwao kwa mshahara akenda kuuawa na Mwislamu wa jangwani. Nami hapa nikitoka nje ya msikiti naona vilima vya Latema na Reata, ambako Machi 1916 Waingereza na Wadachi walipigana, na wengi waliobeba bunduki na mizigo ya pande zote mbili hawakuwa Waingereza wala Wadachi. Sayyid wakati huo alikuwa angali Taleh, ndani ya ngome zake, akitunga.

Sasa tuje kwenye ufundi wake. Ushairi wa Kisomali hauna vina kama wetu. Sisi Waswahili hufunga mshororo nyuma, mwisho wa kipande. Wao huufunga mbele. Mshairi wa gabay akichagua sauti moja, tuseme "d", basi kila kipande cha kila mstari lazima kiwe na neno linaloanza kwa "d", tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, hata iwe mistari mia. Hawezi kubadili njiani. Nasi tunaotaabika na kina cha kati na cha mwisho katika ubeti wa mistari minne, kisha tukabadilisha, tujiulize tungefika wapi. Tena Kisomali wakati huo hakikuwa na maandishi rasmi. Hayo yamekuja mwaka 1972. Mashairi yaliwekwa vifuani mwa mahafidhi, na Sayyid alikuwa na mhafidhi wake, Hussein Dhiqle, aliyeyapokea na kuyasambaza. Shairi likitungwa Taleh lilikwenda kwa ngamia kisima hadi kisima, na kabila lililotukanwa lilikuwa limekwisha kupata habari kabla ya mwezi kuandama. Mkusanyaji Aw Jama Omar Issa aliyakusanya kwa wazee na kuyachapisha Mogadishu mwaka 1974. Kwetu sisi utenzi wa vita vya Wadachi ulitungwa na Hemedi bin Abdallah el Buhriy, naye hakuwa jemadari. Bushiri alipigana, Hemedi akasimulia. Kwa Sayyid, aliyetunga na aliyepeleka askari ni mtu mmoja, na ndiyo maana mashairi yake hayasomwi kwa utulivu kama tunavyosoma hadithi ya vita vilivyokwisha. Shairi lilikuwa ni amri.

Shairi lake mashuhuri kuliko yote ni lile la Koofil. Tarehe 9 Agosti 1913, pale Dul Madoba, Mwingereza Richard Corfield, mkuu wa askari wa ngamia, aliwafuata Madarwishi ingawa wakubwa wake walikuwa wamemkataza asipigane nao, akauawa. Sayyid akatunga shairi ambalo halimhutubii aliye hai. Analihutubia lile roho la Corfield likiwa njiani kwenda Akhera, na kumpa ujumbe wa kuwapelekea waliotangulia: waambie Madarwishi walikufanya nini, waambie risasi zilivyokupata, waambie macho yako yalivyotoka, fisi walivyokuja na kunguru walivyokula. Sauti iliyochaguliwa ni "j". Angalia akili ya mtungaji! Kwa kuchagua "j" amejifungulia neno Jahannamu na neno Janna kwa pamoja, na maiti inasukumwa baina ya maneno hayo mawili kama mtu anayesukumwa baina ya milango miwili iliyofungwa. Dereva aliponifasiria mahali hapo nilijikuta nimecheka. Kisha nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu nilikumbuka Uhud. Mtume S.A.W. alimwona ami yake Hamza R.A. amepasuliwa tumbo, na uchungu aliokuwa nao wanavyuoni wameueleza. Pamoja na hayo akakataza kuchezea maiti za maadui, na hukumu hiyo haikuondolewa mpaka leo. Atasema mtu: Sayyid hakumkata Corfield, fisi ndio waliomla, naye ameeleza tu yaliyotokea. Ndiyo, lakini shairi halielezi tu, linafurahia, linamrudisha msikilizaji kwa yule fisi mara ya pili na ya tatu. Na fahari yote imepandishwa juu ya mzoga wa Mwingereza mmoja, hata msikilizaji husahau kwamba wengi wa askari wa ngamia waliokuwa pamoja naye walikuwa Wasomali, waliosali alfajiri ile kuelekea kibla kilekile. Nalikubali shairi hili kama kazi ya fundi mkubwa, na ghadhabu iliyomo ilikuwa na haki yake, kwani Corfield hakualikwa Dul Madoba. Mwanafunzi wangu simfundishi.

Walakini si shairi la Koofil lililonifanya nishike kalamu. Sehemu kubwa ya diwani ya Sayyid haikuelekezwa kwa Waingereza. Imeelekezwa kwa Waislamu: makabila yaliyokataa kumfuata, masheikh waliompinga, marafiki waliomhama. Wasomali wenyewe wasema hapo ndipo alipokuwa hodari zaidi, nami kwa kadiri nilivyofasiriwa nakubali. Anamwona mtu ana kilema gani, anakitaja kwa neno moja, na neno hilo linakaa katika kabila hilo vizazi vitatu. Muyaka wetu wa Mombasa alikuwa na ulimi wa namna hiyo zama za Mazrui, akiwachokoza watu wa Lamu na wa Unguja, lakini Muyaka alikuwa na dhihaka, na dhihaka huacha mlango wa kupatana. Sayyid akikutukana hakuachii mlango.

Watetezi wake husema, na dereva wangu aliniambia hivyo hivyo, "Maalim, hata Mtume alikuwa na Hassan bin Thabit." Ni kweli. Na sura ya Ash-Shuaraa baada ya kuwalaumu washairi imewatoa katika lawama wale walioamini na kutenda mema na kujitetea baada ya kudhulumiwa. Lakini tukimtaja Hassan tusimtaje nusu. Alipotaka kuwajibu Makureshi, Mtume S.A.W. alimwuliza atafanyaje, na hali nasaba yake mwenyewe imo ndani yao, akaambiwa aende kwa Abubakar R.A. amjuze nasaba za watu. Na Hassan akaahidi kumtoa Mtume ndani ya hijaa yake kama unywele unavyotolewa katika unga uliokandwa. Unywele unatoka, unga haukatiki. Hicho ndicho kipimo chetu cha hijaa, nacho ni kipimo cha sanaa na cha dini kwa pamoja: fundi wa kweli hupiga anayestahili na kumwacha aliye ubavuni pake. Kwa kipimo hicho Sayyid, pamoja na lugha yake yote, ameshindwa. Ukoo mmoja ukikosana naye, anatukanwa mzee, anatukanwa mtoto, anatukanwa ngamia. Amelirusha donge zima la unga.

Hapa ndipo alipokuja Sheikh Uways, na hapa nami lazima niseme lile ambalo mwalimu wangu hakutuambia. Sheikh Uways naye alikuwa mshairi. Alitunga kasida kwa Kiarabu na kwa Chimwini, Kiswahili cha watu wa Barawa, na nyingi ni za kumsifu Mtume na kumtaja Sheikh Abdulkadir, na nyingine wafuasi wake wanazisoma hadi leo. Lakini alitunga pia dhidi ya watu wa Sayyid, akawashutumu kwamba wanahalalisha damu ya wanavyuoni na mali za watu na wanawake, na kwamba wao ndio njia ya upotofu. Sayyid akajibu kwa matusi yake. Makasida na magabay yakapita jangwani kwa miaka, kila upande ukiwa na wahifadhi wake, na kila upande ukidhani unaitetea dini. Nakubali kwamba Sheikh wetu alisema yaliyo kweli, maana waliyotuhumiwa ndiyo waliyoyafanya Biyoole. Lakini neno la kuwatoa watu katika njia ya haki kwa jumla, hata likisemwa na walii, ni jiwe lililorushwa gizani.

Na baada ya mauaji inasimuliwa kwamba Sayyid alitunga beti za kushangilia. Mzee wa zaidi ya miaka sitini, mwanachuoni, ameuawa pamoja na wanafunzi wake, na aliyehiji Makka anashangilia kwa nudhumu. Dereva alinibishia hapo kwa nguvu. Akasema hakuna aliyemsikia Sayyid akitoa amri, kwamba kikosi kilikuwa mbali, kwamba jangwani wakati ule kila mtu akiua. Nikamwambia, mwanangu, huenda hakutoa amri, lakini tumekubaliana mimi na wewe kwamba shairi lake ni amri. Kama ni amri linapomtaja Mwingereza, basi ni amri linapomtaja Sheikh wa Barawa. Hakunijibu. Aliendelea kunywa chai yake.

Mwaka huo huo wa 1909 Sheikh Muhammad Salih, mwalimu wa Sayyid mwenyewe, alileta barua kutoka Makka kumkanya na kujitenga naye, na wengi wa wakubwa wa Madarwishi wakamhama. Waingereza nao wakarudi nyuma pwani, wakaacha bara bila ya serikali wala sharia, na Wasomali wenyewe wakaiita miaka iliyofuata kwa jina lenye maana ya kula haramu, kwa jinsi walivyoporana na kufa njaa. Hiyo ndiyo nchi iliyokuwa ikisikiliza mashairi haya.

Nayasema haya kwa urefu kwa sababu nimeona mfano wake karibu. Katika msikiti mmoja wa upande huu wa mlima, miaka michache nyuma, vijana waligawanyika juu ya Maulidi. Wa upande mmoja wakatunga beti za kuwacheka masheikh wa dhikri, na zilikuwa na vina vizuri. Wa upande wa pili wakajibu kwa beti za kuwaita wenzao wasio na dini. Zikapita katika simu. Niliambiwa nizitazame, nami nilizitazama kama mwalimu wa ushairi, nikasahihisha mizani! Wallahi nilisahihisha mizani ya ubeti mmoja wa upande wetu, kwa kuwa ulikuwa na upungufu wa silabi. Mwezi haukwisha ila watu walipigana uani kwa viti, na kijana mmoja akatoka meno. Sikumpiga mimi. Lakini mshororo uliosemwa kabla ya kiti cha kwanza kuinuliwa ulikuwa ule niliousahihisha.

Turudi kwa Sayyid, kwani sitaki kumwachia hapo. Yamo mashairi mengine, na kama ningekufa bila ya kuyasikia ningekuwa nimemdhulumu. Lipo la farasi wake Hiin Finiin, aliyempenda kuliko mali yote, alilolitunga alipomtoa mikononi mwake. Huyu mtu aliyeweza kucheka maiti anamsifu farasi kiungo kwa kiungo, mwendo wake, pumzi zake, uaminifu wake usiku wa safari, na sauti inatetemeka. Nikamwambia dereva arudie mara mbili. Ndani ya shairi hilo hamna adui hata mmoja, na labda ndiyo sababu lugha yake imepata nafasi ya kupumua.

Na lipo la wasia, la mwisho mwisho, linaloitwa Dardaaran, kwa sauti ya "d". Wakati huo amekwisha kushindwa. Mwanzo wa mwaka 1920 Waingereza walileta ndege na kuziangushia mabomu ngome zake, jambo ambalo watu wale hawajapata kuliona, Taleh ikaanguka, naye akakimbilia Imi upande wa Uhabeshi, na huko akafa kwa homa ya mafua Desemba mwaka huo. Katika wasia huo anawaambia Wasomali kwamba wanaompokea mkoloni kama rafiki watanyang'anywa kwanza silaha, kisha ardhi, kisha watabebeshwa mizigo kama punda, na vijisenti walivyopewa mwanzo havitawafaa. Hatukani kabila. Hataji kilema cha mtu. Ghadhabu ni ile ile, lakini sasa imepata pa kwenda, na kila mstari una mzigo wake wa kweli. Nchi zetu zote, za Wasomali na zetu za Tanganyika na Kenya, zimeyaona aliyoyasema. Kwa maoni yangu hilo ndilo shairi lake kubwa, kubwa kuliko la Koofil, ingawa Wasomali watanigombeza na la Koofil ndilo linalopigwa makofi.

Serikali ya Mogadishu iliyoshika madaraka mwaka 1969 ilimfanya Sayyid baba wa taifa, ikamsimamishia sanamu juu ya farasi na kuyasomesha mashairi yake. Serikali ile ilipoanguka mwaka 1991 sanamu nalo likaangushwa. Na makabila yaliyotukanwa miaka themanini nyuma hayakuwa yamesahau neno hata moja.

Nimeandika katika daftari la darasa la wakubwa fasiri ya Dardaaran na ya Hiin Finiin, kwa nathari tu, na wanafunzi wameombwa kujaribu kutunga ubeti mmoja wa Kiswahili kwa masharti ya Kisomali, sauti moja mbele ya kila kipande. Mpaka sasa hakuna aliyevuka mstari wa tatu. Dereva alipopita mara ya mwisho alilitazama daftari, akauliza kama nitamwombea dua Sayyid. Nikamwambia tutawasomea Fatiha wote wawili, yeye na Sheikh Uways, na kwamba aanze yeye kwa Sheikh Uways na mimi nitaanza kwa Sayyid. Alifikiri kidogo. Kisha akainua mikono, nami nikainua yangu, na ulimi wangu ulikuwa mzito.

Wallahu aalam.